Nani Aliwarudisha Mbuzi? Ngano ya Wanjiru na Historia ya Ukame Thika na Ruiru

Makala haya yamezaliwa na swali la mwanafunzi mmoja. Kilikuwa kipindi cha Fasihi Simulizi, kidato cha tatu, katika shule moja iliyo kati ya Ruiru na Thika. Mvua ya masika ilikuwa imechelewa, na mfereji wa uani kila ulipofunguliwa ulitoa upepo na kelele tu. Niliwasimulia wanafunzi ngano ya Wanjiru, yule msichana aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe. Nilipofika pale mvua inaponyesha, nilifunga daftari langu nikauliza: dhamira ya ngano hii ni ipi? Mikono ikainuka kwa utaratibu unaoufahamu vyema wewe mwalimu mwenzangu. Mmoja akasema imani za jadi, wa pili nafasi ya mwanamke katika jamii, wa tatu umoja. Ndipo msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza, "Mwalimu, na wale mbuzi walirudishwa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwani sikuwa na jibu. Tena nilikumbuka kuwa nilikuwa nimewasimulia nusu tu ya ngano. Nusu ya pili niliiacha kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia, na naamini siko peke yangu katika kosa hilo.

Nadhamiria kuonyesha hapa kwamba nusu ile tunayoiacha ndiyo iliyobeba tumaini, na kwamba ukiisoma sambamba na historia ya sehemu hizi za Thika na Ruiru utaona jinsi sanaa ilivyokabiliana na ukame kwa muda unaozidi karne moja. Siku hizi mtahiniwa akiulizwa kuhusu mazingira au mabadiliko ya tabianchi katika fasihi hujibu kwa kuorodhesha: ukataji wa miti, uchafuzi wa mito, ukosefu wa mvua. Orodha hiyo humpa alama. Hata hivyo haimsaidii kueleza ni kwa nini mtu mwenye njaa huketi jioni na kutamba hadithi, wala ni nini wasikilizaji wake hupata humo ilhali sufuria ni tupu.

Ngano yenyewe

Ngano ya Wanjiru husimuliwa kwa namna nyingi katika Ugikuyu. Nakala ya maandishi ninayoitegemea hapa imo katika kitabu cha Waingereza wawili, William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, kilichochapishwa London mwaka wa 1910 kwa jina With a Prehistoric People. (Jina hilo linadai kuwa Wagikuyu ni watu wa kabla ya historia. Ni kinaya, kwa sababu ni watu hao hao waliowasimulia wageni wao historia.) Kwa ufupi inakwenda hivi.

Mvua ilikosekana mwaka wa kwanza, ikakosekana wa pili na wa tatu. Watu wakakusanyika juu ya kilima, kwenye kiwanja cha ngoma, kisha wakamwendea mganga. Mganga akamimina yaliyomo kibuyuni mwake mara kadhaa, akatangaza kuwa yuko msichana anayepaswa kununuliwa ili mvua inyeshe, naye ni Wanjiru. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aje keshokutwa na mbuzi mmoja wa kumnunulia.

Siku ilipofika Wanjiru alisimama katikati ya duara, jamaa zake wamesimama pamoja. Ardhi ikaanza kummeza. Ilipofika magotini alilia kuwa amepotea, wazazi wake nao wakalia, na waliozunguka wakasogea wakawakabidhi wazazi mbuzi. Ilipofika kiunoni alisema kuwa amepotea lakini mvua nyingi itakuja. Ikafika kifuani, mvua bado. Ikafika shingoni, matone makubwa yakaanza kudondoka. Jamaa wakataka kukimbilia kumwokoa, watu wakawatia mbuzi wengine mikononi, wakasita. Ndugu mmoja akipiga hatua anapewa mbuzi, anarudi nyuma. Mwingine akipiga hatua anapewa wake, anarudi. Wanjiru akazama hadi machoni huku akisema kuwa ni watu wake mwenyewe waliomtenda hivyo. Ardhi ikamfunika, mvua ikamwagika kama gharika, kila mtu akakimbilia nyumbani kwake.

Hapo ndipo mimi nilipofunga daftari. Mtambaji hakufunga. Anaendelea kusema kuwa alikuwako kijana shujaa aliyempenda Wanjiru, akazunguka nchi nzima akilalamika kuwa msichana amepotea na waliompoteza ni watu wake. Jioni moja akafika mahali alipozama, akasimama pale pale, naye akamezwa. Akafuata njia ndefu chini ya ardhi hadi akamkuta katika hali ya kusikitisha, mavazi yake yameoza. Akamwambia kuwa alitolewa ili mvua ije, na sasa mvua imekwisha kuja, kwa hivyo anamrudisha. Akambeba mgongoni kama mtoto, wakatokea juu. Hakumpeleka kwao. Alimficha nyumbani kwa mama yake, na mama huyo akachinja mbuzi, akamlisha mafuta hadi akapata nguvu, na kwa ngozi wakamshonea mavazi mapya. Siku ya ngoma kubwa Wanjiru akatokea katikati ya watu. Jamaa zake walipomtambua wakamkimbilia kumsalimu. Yule kijana akawafukuza, akawakumbusha mbele ya wote kuwa walimuuza. Siku ya nne walipokuja tena moyo wake ulilainika, akalipa mahari, akamwoa.

Mwalimu mwenzangu, rudi kwenye shingo. Mvua inaanza kunyesha ilhali kichwa cha Wanjiru kingali juu ya ardhi. Kafara imekwisha kufanya kazi yake. Kama haja ilikuwa mvua, huo ndio ulikuwa wakati wa kumvuta, na jamaa zake wanalijua hilo, ndiyo maana wanakimbia mbele. Kinachowazuia sasa si mganga, wala si Mungu, wala si ukame. Ni mbuzi. Mtambaji ameipanga takriri yake kwa ustadi mkubwa: goti, kiuno, kifua, shingo, macho, na kila hatua ya mwili kuna mbuzi anayebadilisha mikono. Mwanafunzi anayeandika kuwa takriri hiyo "inaleta taharuki" amesema kweli, lakini amesema kidogo mno. Takriri hiyo ni hesabu. Inamwonyesha msikilizaji bei ya kila sehemu ya mwili wa msichana, na inamwonyesha wanaopokea.

Kwa hivyo jibu la swali la mwanafunzi wangu ni la, mbuzi hawakurudishwa. Tena jamaa waliongezewa wengine, wa mahari. Sitaki kulificha jambo hili kwa kuwa mtambaji hakulificha. Tumaini la ngano hii haliko katika haki kamili. Liko katika mambo mawili ambayo mtambaji angeweza kuyaacha kama nilivyoyaacha mimi: kwamba kuna mtu aliyeona mvua inanyesha bado akauliza aliyelipa yuko wapi, na kwamba neno "mlimuuza" lilitamkwa ngomani, mbele ya watu.

Ukame wenye tarehe

Hapa yafaa kumwonya mtahiniwa. Usiandike katika karatasi yako kuwa Wagikuyu walikuwa wakiwatoa wasichana kafara ili mvua inyeshe, eti kwa sababu ngano imesema. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938, ameeleza kwa kirefu sherehe ya kuomba mvua. Ilifanyiwa chini ya mugumo, ikaongozwa na wazee, wakawepo pia watoto wadogo, na mnyama aliyechinjwa alikuwa mwanakondoo. Sasa jiulize: kama desturi ilikuwa mwanakondoo, kwa nini msanii alimwondoa mwanakondoo akamweka msichana? Na kwa nini mnyama, badala ya kuchinjwa, akawa fedha ya kununulia?

Jibu langu, ambalo uko huru kulipinga, limo katika njaa ya 1897 hadi 1900. Mvua zilikosekana mfululizo, na zikafuatana na nzige, sotoka ya ng'ombe na ndui. Kusini mwa Ugikuyu na Ukambani watu walikufa kwa maelfu. Wagikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya, kwani iliandamana na kuja kwa wageni. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi katikati ya njaa hiyo, mwaka wa 1899. Sehemu tunayoiita leo Ruiru na Thika ilikuwa mpakani, mashamba ya Wagikuyu yakiishia na mbuga za kuelekea Kilimambogo na Ukambani zikianzia. Wanahistoria wa Kenya ya kati wameeleza jinsi familia zenye njaa, hasa kutoka Ukambani, zilivyowapeleka wake na mabinti kwa jamaa zilizosalia na chakula, wakakaa huko kama rehani. Ahadi ilikuwa kwamba mvua ikinyesha na mavuno kupatikana, msichana angekombolewa kwa mifugo. Wako waliokombolewa. Wako pia ambao mvua ilinyesha, mtama ukaiva, na hakuna aliyekuja kuwachukua.

Sisemi kuwa ngano ilitungwa mwaka wa 1899. Yamkini ni kongwe zaidi. Ninachosema ni kuwa wazee waliowasimulia akina Routledge katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 walikuwa wameiona njaa hiyo kwa macho yao, na wasikilizaji wao walijua vizuri maana ya binti kugeuzwa mifugo kwa ajili ya mvua. Soma sasa lile swali la kijana kule chini ya ardhi: mvua imekwisha kuja, mbona hajarudishwa?

Iko bei nyingine ambayo ukame ule ulitoza. Njaa ilipopita, mashamba mengi ya kusini mwa Kiambu yalikuwa hayana watu, maana wenyewe walikufa au walikimbilia kaskazini kwa jamaa zao. Serikali ya kikoloni ikayatazama ikaona ardhi isiyo na mwenyewe. Walowezi wakagawiwa, yakaja mashamba ya kahawa na mkonge. Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mwaka wa 1908 hapo kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika. Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika akiwa mtoto mdogo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha kumbukumbu zake, The Flame Trees of Thika, mwaka wa 1959, na jina la mji likajulikana duniani kwa ajili ya miti yenye maua mekundu. Ni kitabu kitamu, sikatai. Lakini ardhi aliyoikuta mtoto yule ilikuwa imekwisha kumeza watu wengine kabla hajafika.

Mti wa Thika

Anayetembelea Thika ataonyeshwa bustani ya Mugumo. Masimulizi yake unayafahamu: nabii Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege wa Kibiru, alitabiri kuja kwa wageni wenye ngozi kama ya chura mdogo, fimbo zao zinatema moto, na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka maji hadi maji. Alitabiri pia kuwa utawala wao ungekwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Yasimuliwa kwamba Waingereza waliuzungushia mti huo kizuizi cha kuutegemeza, na kwamba mwaka wa 1963 radi iliupiga ukaanguka, kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa mwezi Desemba.

Kwa faida ya watahiniwa: masimulizi haya ni mighani, kwa kuwa yamejengwa juu ya mtu na mahali vinavyoaminika kuwa vya kihistoria. Ngano ya Wanjiru inabaki ngano, wala si kisasili, kwani haielezi asili ya mvua.

Kinachonivutia mimi katika mighani hii ni ile habari ya kizuizi. Iwapo ni kweli serikali iliogopa mti ukianguka, basi serikali yenyewe ilikuwa imeketi mbele ya mtambaji ikisikiliza, ikaamini kuliko hata waliotambiwa. Lakini nisizidishe sifa. Mighani ya mugumo inaweka tumaini katika kuanguka kwa mti. Kazi ya msikilizaji ni kungoja. Kwa mtu anayekabiliwa na ukame hilo halitoshi, tena ni la hatari kidogo.

Wangari Maathai aliligeuza. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, zilizochapishwa mwaka wa 2006, ameeleza jinsi mama yake huko Nyeri alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi alivyokuja kutambua baadaye, akiwa mwanasayansi, kwamba mugumo na kijito kilichokuwa karibu nao vilitegemeana. Mti ulipokatwa, kijito kilikauka. Shirika lake la Green Belt lilianza mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwiko wa mama ulikuwa fasihi simulizi, nao ulilinda chemchemi muda mrefu kabla ya sheria yoyote ya misitu.

Waandishi wameirudia mvua

Grace Ogot, katika hadithi "The Rain Came" iliyomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa mwaka wa 1968, anaichukua hadithi ya jamii ya Waluo inayofanana mno na ya Wanjiru. Oganda, binti wa mtemi Labong'o, anatakiwa kutolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Osinda, mpenzi wake, anamnasa njiani kabla hajafika ziwani, wanatoroka wakiwa wamejifunika majani. Na mvua inanyesha. Linganisha hapo, msomaji. Kwa Wanjiru mvua ilianza akiwa amezama hadi shingoni. Kwa Oganda inanyesha bila mtu kuzama kabisa. Ogot ameivunja mizani nzima. Ikiwa mvua inaweza kunyesha wakati kafara imetoroka, basi huenda haikuwa ikihitaji kafara tangu mwanzo, na wote waliowahi kutolewa walitolewa bure. Hadithi haisemi hivyo kwa kinywa chake. Inamwachia msomaji radi na mvua, basi.

Ngugi wa Thiong'o katika Petals of Blood ya mwaka wa 1977 anawatembeza watu wa Ilmorog hadi jijini kudai msaada wakati wa ukame. Wanaporudi mvua inakuja na mavuno yanakuja. Baadaye barabara, mabenki na matajiri wanakuja pia, na wenyeji wanapokonywa ardhi. Mvua si mwisho mwema hata kidogo humo.

Katika Kiswahili sina budi kumtaja Kithaka wa Mberia. Kifo Kisimani, tamthilia yake ya mwaka wa 2001 ambayo wengi wenu mliifundisha au mliifanyia mtihani, huchambuliwa mara nyingi kama tamthilia ya siasa, na ndivyo ilivyo. Lakini mgogoro wake umewekwa kisimani. Watu wa Butangi wana kiu na maji yapo, utawala wa Mtemi Bokono ndio unaoyatenga. Mwelusi anapouawa, anayemuua ni Gege, ndugu yake wa damu aliyenunuliwa na watawala. Nilipoisoma upya baada ya swali la yule msichana niliona mbuzi wa Wanjiru wanapita tena nyuma ya jukwaa.

Nao ukosefu wa maji si jazanda tu huku kwetu. Mto Thika umezuiwa na bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na maji yake hunywewa Nairobi. Mto Ruiru nao una bwawa lake la kulisha jiji. Ruiru ilikuwa mji wa kahawa, hata aina ya mibuni iliyotolewa na watafiti wake mwaka wa 1985 ili kustahimili magonjwa inaitwa Ruiru 11. Leo mashamba mengi yamekuwa mitaa ya nyumba za kupanga, na katika baadhi ya mitaa hiyo nimewaona majirani zangu wakinunua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20. (Yanayobaki mitoni yana safari ya kupendeza kwa mwalimu wa Kiswahili. Ya Thika huingia Tana yakatokea baharini Kipini, nchi ya Fumo Liyongo. Ya Ruiru huingia Athi, kisha Sabaki, yakatokea karibu na Malindi. Miji miwili jirani, pwani mbili tofauti.)

Mbuzi wa leo

Kuna atakayenipinga kuwa ukame wa ngano na mabadiliko ya tabianchi ni vitu viwili. Ni kweli. Chanzo cha mabadiliko ya leo hakihitaji kibuyu cha mganga. Ni gesi zinazotokana na makaa ya mawe, mafuta na uharibifu wa misitu, na nyingi zimetolewa na nchi zenye viwanda vikubwa. Mchango wa Kenya haufiki asilimia 1. Hata hivyo kuanzia mwisho wa 2020 misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa nchi yetu, kisha mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Machi hadi Mei 2024 yakaua mamia ya watu. Aliyesimama katikati ya duara siye aliyeharibu mvua.

Mwaka wa 2022, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha hazina ya kuzisaidia nchi zilizopata hasara. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, na mengi waliyozungumza yalihusu fedha, ikiwemo biashara ya kaboni. Sizikatai fedha. Ambaye shamba lake limesombwa anastahili kulipwa. Nasema tu kwamba mwanafunzi aliyeisoma vizuri ngano ya Wanjiru anajua kuuliza mbuzi anatolewa wakati gani, na anatiwa mkononi mwa nani: mwa anayezama, au mwa jamaa aliyekuwa amekaribia kumvuta?

Ndiyo maana sivutiwi sana na ngano nyingine ambayo shule zetu zinaipenda, ile ya ndege mdogo anayebeba tone la maji mdomoni kuzima moto wa msitu huku wanyama wengine wakimtazama. Si ya kwetu kwa asili, lakini Wangari Maathai aliitamba mara nyingi, na watu wakaipenda kwa haki kabisa. (Ndege wa aina ile hayuko Afrika, aliye karibu naye ni chozi.) Tatizo ni namna tunavyoifundisha. Mtahiniwa huandika kuwa funzo ni "kila mtu afanye sehemu yake", akapata alama zake. Humsahau ndovu. Ndovu yumo katika ngano hiyo, amesimama na mkonga wake mrefu unaoweza kubeba maji mengi, hafanyi kitu ila kumcheka mdogo. Maathai mwenyewe hakuwa akimsahau. Mwaka wa 1989 alimzuia ndovu mmoja kujenga ghorofa katika bustani ya Uhuru, Nairobi.

Ukipata nafasi, mwalimu, wape wanafunzi wako ngano ya Wanjiru nzima, halafu uwaulize swali moja tu la alama 20: ngano hii ingepoteza nini kama ingeishia mvua inaponyesha? Usiwape mwongozo wa kusahihisha kabla. Utapata majibu ya kipumbavu, na utapata mawili matatu yatakayokufundisha.

Mwaka uliofuata wanafunzi wangu waliigiza ngano hiyo siku ya wazazi. Mbuzi hatukuwa nao. Wasichana walikata kamba za katani, na kila jamaa aliyepokea "mbuzi" alipewa kipande cha kamba. Sheria waliyoitunga wenyewe, bila mimi, ilikuwa kwamba aliyekwisha kupokea kamba haruhusiwi kuiweka chini hadi mchezo uishe. Basi katika onyesho la ngoma jamaa walicheza na kamba mikononi, wazazi wakacheka sana. Wanjiru alipotokea na jamaa wakamkimbilia, hakuna aliyeweza kumpa mkono, mikono yote ilikuwa imejaa. Ukumbi ukapoa.

Yule aliyeuliza swali la mbuzi aliigiza mama yake Wanjiru. Mchezo ulipokwisha na wenzake wakainama kupokea makofi, yeye alisimama tu na kamba yake. Nilimwuliza baadaye mbona hakuiweka chini. Akaniambia hakuonyeshwa pa kuiweka.